Nyumba Isiyoombwa Moto

Harufu ya vitunguu vilivyoanza kuchipua hunirudisha nyumbani kabla sijajiandaa. Siyo ile kali ya jikoni inayotoa machozi, bali ile nyingine, tamu yenye uvundo kwa mbali, inayobaki ndani ya stoo baada ya magunia kupakiwa na kuondoka. Juzi niliikuta sokoni Arusha nikiwa nimeshika mfuko wa nyanya, nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina. Stoo yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, juu ya Karatu mjini, upande wa barabara inayopanda kuelekea geti la Ngorongoro, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka kutoka msituni na kulala juu ya mashamba mpaka jua lipate nguvu. Mfanyabiashara mmoja kutoka Moshi alikuwa ameipanga kwa baba ili ahifadhi vitunguu vya Mang'ola akisubiri bei ipande. Alipohamia biashara nyingine alituachia ufunguo, magunia matupu na harufu. Harufu hiyo haikutoka tena. Ilikuwa kwenye magunia ambayo kaka yangu Paskali aliyagongomelea ukutani ili sauti isirudi, ikaingia kwenye trei za mayai alizozibandika darini, kwenye nyaya, kwenye ngozi za ngoma, kwenye sweta langu la shule. Nilikuwa darasa la nne. Msimu mzima wa baridi, tangu mavuno ya maharage hadi mvua za kwanza, niliimba ndani ya harufu hiyo, na niliimba kwa sauti ya mtu aliyekufa.

Mtu huyo alikuwa mdogo wangu, Agata. Alikufa masika yaliyotangulia, kwa homa iliyoanza Jumapili kama mzaha, kabla hajafika hata umri wa chekechea. Tulimzika kikristo. Padri alikuja, kwaya iliimba, majirani walikula makande, wakaosha sufuria, wakaondoka. Sisi ni Wairaqw, na Wairaqw wa siku hizi tuna majina ya watakatifu. Hakuna ambaye angesimama hadharani kutaja mambo ya zamani. Lakini zamani nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile ilifungwa. Hali hiyo iliitwa metimani. Waliofiwa walikaa peke yao, walichota maji mahali pao, walipita njia yao, hawakushikana mkono na mtu wala kubariki kitu cha mtu, na hakuna aliyeomba moto kwao, mpaka siku majirani walipokusanyika kuwatoa kwa maneno. Kwetu hakuna aliyetangaza kitu. Ilikuja tu, kama ukungu wetu unavyokuja, bila kubisha hodi.

Niliiona kwanza jikoni. Moto wa mama ulikuwa hauzimiki, na kwa sababu hiyo watu walizoea kuuomba. Kiberiti kilikuwepo dukani, lakini kaa la jirani lilikuwa na heshima yake. Mama Lazaro, aliyekaa ng'ambo ya korongo, alikuja karibu kila jioni na kigae mkononi, akachutama mlangoni, akasema mambo matatu manne ya kijijini, akaondoka na kaa lake likimulika vidole. Baada ya Agata hakuja tena. Tulimwona akipita juu ya njia na kigae chake, akienda mbali zaidi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kama macho yakikutana alisalimia vizuri kabisa.  Kila jioni mama, akishafunika moto kwa majivu, alisogeza kaa moja kubwa pembeni, akalifunika peke yake, kwa ajili ya atakayekuja. Asubuhi lilikuwa jivu.

Kwa baba ilikuja kwa njia nyingine. Baba alikuwa mkulima wa ngano na maharage kama wengine, ila alikuwa na kitu ambacho wengi hawakuwa nacho: alijua slufay. Hayo ni maneno ya baraka ya Kiiraqw, marefu, yanayosemwa na mtu mmoja huku watu wakiitikia kwa sauti nzito ya kifuani, kama nyuki ndani ya mzinga. Siyo wimbo na siyo hotuba. Nikiwa mdogo nilidhani ndiyo sauti ambayo ardhi ingetoa kama ingepewa koo. Aliitwa kwenye harusi, kwenye nyumba mpya, mwaka ambao mvua imechelewa. Baada ya mazishi harusi ziliendelea na nyumba mpya zilijengwa, lakini baba hakuitwa. Koti lake la sherehe lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na vumbi jekundu likaanza kukaa mabegani pake kana kwamba kuna mtu ndani.

Paskali wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpiga gitaa kwenye hoteli moja ya watalii. Kazi yake ilikuwa kuzunguka meza wakati wa chakula na kuimba wimbo wa kukaribisha wageni, uleule kila jioni, na wa kupongeza mtu mwenye siku ya kuzaliwa. Alirudi nyumbani asubuhi akiwa na uso wa mtu aliyekula sukari tupu. Siku moja dereva wa lori la watalii alimpa sidii iliyokwaruzika, ya bendi ya roki ya Ulaya ambayo sitaitaja, kwa sababu kwetu haikuwahi kuwa na jina. Tuliiita tu Ile. Paskali hakuelewa nusu ya Kiingereza chake, lakini alielewa kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Nyimbo za Ile hazikuisha. Mmoja ulifungulia mwingine mlango. Tuni iliyopotea mwanzoni ilirudi mwishoni imezeeka. Kulikuwa na mvua, nyayo kwenye ngazi, mtu akilia chumba cha pili, na mtu yuleyule wa wimbo wa kwanza alikuwepo kwenye wa mwisho, ila sasa alikuwa amefungiwa ndani, na rekodi ilimalizikia hapo, gizani, bila kumtoa.

"Vero," aliniambia, akiwa amenivalisha zile spika za masikioni zilizofungwa kwa plasta, "hizi siyo nyimbo. Hii ni nyumba. Unaingia sebuleni, unatokea chumbani."

"Anayelia ni nani?"

"Sijui. Lakini siyo Mzungu peke yake anayelia hivyo."

Kuanzia hapo hakulala vizuri. Alisema Ile ilikuwa imemwonyesha tu vitu tulivyokuwa navyo bila kuvitazama. Alisema Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu ilikuwa roki tayari: watu wanatembea kutoka kituo hadi kituo, kwaya inabadilika, mhusika ni mmoja na anazidi kuumia. Alisema slufay ilikuwa roki, kwa kuwa na sauti moja mbele na mvumo nyuma yake. Akaacha kazi hotelini, mama akashika kichwa, na stoo ya vitunguu ikawa makao ya bendi iliyoitwa Ukingo.

Bendi ilikuwa ya watu watatu, na mimi. Lazaro, mtoto wa yule mama wa ng'ambo ya korongo, alikuwa fundi pancha karibu na stendi. Alipiga drams mbili alizonunua kwa kwaya iliyovunjika, na ringi ya lori iliyoning'inizwa kwa kamba. Mapigo yake aliyachukua shambani. Sisi hupura maharage kwa fimbo, watu wakiwa wamezunguka rundo, kila mmoja akiingia kwenye nafasi ya mwenzake bila kugongana, na Lazaro alipiga hivyo, kana kwamba kuna watu wengine watano wamejificha mikononi mwake. Wa tatu alikuwa Saning'o, Mmasai wa Endulen, mlinzi wa hoteli ileile aliyoiacha Paskali. Gitaa la besi alijifunza kwa kuwatazama wapigaji wa hotelini, na koo lake lilikuwa na ile sauti ya chini ya nyimbo za morani, ambayo huisikii masikioni kwanza bali tumboni.

"Nyuzi nne tu, Saning'o," Lazaro alimchokoza, "na bado unazihesabu kama ng'ombe."

"Ng'ombe nikianza kuhesabu naanzia zizi la baba yako. Ng'ombe wote Mungu alitupa sisi Wamasai. Nyinyi mnatutunzia tu."

"Basi kesho njoo uzoe samadi ya ng'ombe wako, mwenye mali. Koleo liko."

Paskali alimpa Saning'o sauti ya kile kinachokaa kwenye chemchemi, ambacho wazee wetu hawapendi kukitaja, na ambacho katika hadithi ya albamu tuliyokuwa tukiitengeneza ndicho kilichomchukua mtoto. Saning'o aliweka besi chini, akatutazama mmoja mmoja. "Yaani nchi nzima mmekosa mtu wa kuwa shetani, mkamtafuta Mmasai. Asanteni sana, majirani."

"Umeimba mara moja tu," alisema Lazaro, "na mimi tayari naogopa kuchota maji."

Nacheka ninapoyaandika haya, na nataka ieleweke kwamba tulicheka hata wakati ule. Lakini kila tulipoanza kupiga, kicheko kilitoka nje kama paka. Albamu ilisimulia nyumba moja ya zamani. Mtoto anaugua, anazikwa, njia inagawanyika mbili. Mama wa nyumba anapika kwa ajili ya watu wasiokuja. Gitaa la Paskali lilikuwa na kifaa cha kuchafulia sauti alichokipata kwa mtu wa Arusha, na katika wimbo wa njia alikitumia mpaka nyuzi zikakwaruza kama kwato kwenye mawe. Kisha kila kitu kilinyamaza, na ndipo nilipoingia mimi. Mtoto aliyekufa anarudi jioni, anasimama nje ya mlango wa kwao, na yeye peke yake, katika kijiji kizima, anaomba moto. Maneno yangu yalikuwa machache: "Mama, naomba moto. Mama, naomba moto." Niliyaimba kwa tuni ya wimbo wa kulalia ambao mama alituimbia wote.

Siku moja mama alisimama mlangoni mwa stoo, mikono imejaa unga, tukiwa katikati ya sehemu hiyo. Paskali alisimamisha bendi. Mama alinitazama mimi, wala si yeye.

"Agata hakuwa anasema 'naomba,'" alisema. "Alikuwa anasema 'lete.'"

Akarudi jikoni.  Lazaro alifuta jasho kwa fulana yake muda mrefu kuliko jasho lilivyokuwa. Halafu Paskali akasema taratibu, "Tangu mwanzo," na mimi nikaimba, "Mama, lete moto," na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hadithi haikuwa ya zamani.

Kilichobaki ni wimbo wa mwisho. Hadithi ilihitaji slufay, kwa sababu metimani huisha kwa slufay, na Paskali hakutaka kuigiza. Alitaka sauti ya baba. Alimwendea ugani, baba akinoa jembe, nami nikiwa nimekaa kwenye gogo nikichambua maharage.

"Unataka nibariki nini?" baba aliuliza.

"Nyumba, Baba."

"Ya nani?"

"Ya kwenye hadithi."

Baba alipitisha kidole kwenye makali. "Mtu wa metimani habariki, Paskali."

Lilikuwa neno ambalo tangu masika hakuna aliyelitamka kwetu. Hata kuku, naapa, walinyamaza.

"Hakuna aliyesema tuko metimani," alisema Paskali.

"Hakuna aliyesema hatupo."

 Kisha baba akaanza kuuliza, polepole, kama mtu anayepima mto kwa fimbo kabla ya kuvuka. Watu watakuwepo siku ya kuzipiga nyimbo hizo hadharani? Ukumbi mzima wa parokia, alijibu Paskali, tumeshaomba. Majirani? Wote. Wataitikia? "Baba, wewe ukianza, nani wa hapa anaweza kujizuia?" Baba akatikisa kichwa. Alisema hawezi kusimama mbele yao kabla hawajamwitikia, isingekuwa adabu. Lakini kama sauti yake ingetangulia, itoke kwenye mashine, naye akae chini katikati yao kama mtu mwingine yeyote, na wao kwa vinywa vyao waitikie mpaka mwisho, basi hapo watakuwa wametutoa wenyewe, na hakuna ambaye angelazimika kusema neno lolote gumu. Nilimwona baba yangu akitabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo tangu mvua.

"Ila sikiliza," alisema. "Isikatwe. Kwanza ninayaita mabaya yote kwa majina, njaa, homa, kifo cha mtoto, yatoke yalipojificha yasimame mbele yetu. Ndipo ninayafukuza, yaende na mto, yaende jua linakozama. Ukikata katikati, umeyaita na umeyaacha ndani."

"Nimeelewa, Baba."

"Umeelewa au umesikia?"

"Nimeelewa."

Tulirekodi alasiri moja ya ukungu, kwa mashine ya kukodi kutoka Arusha. Baba alivaa koti lake, akalipangusa mabega kwanza, akasimama katikati ya stoo akiwa ameshika fimbo, asijue aitazame maiki au atutazame sisi. Halafu akafumba macho. Sitaweza kuieleza sauti ile. Ilianza chini, karibu kama mazungumzo, na sisi tukaitikia, Lazaro na Paskali na mimi, na Saning'o ambaye hakujua maneno lakini alijua mvumo. Majina ya mabaya yalipokuja ukuta wa magunia ulionekana kusogea. Kisha sauti ikageuka. Hilo nalikumbuka kwa ngozi yangu: kama dirisha limefunguliwa. Na kutoka nje, nyuma ya ukuta, tulisikia mtu wa tano akiitikia, sauti ya mwanamke, na tulipotoka tulimkuta mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia bila kujificha.

Jioni ya kesho yake, Mama Lazaro alikuja na kigae.

Bila shaka mtoto wake alikuwa amemsimulia. Alichutama mlangoni palepale alipozoea, akasema maharage mwaka huu yameingia wadudu, akauliza kama miguu ya mama bado inamsumbua, na mama akajibu vizuri kama watu walioonana jana, ila kaa lilimwanguka, ikabidi alishike tena kwa koleo. Kaa likavuka korongo. Tulilitazama sote kutoka ugani, nukta nyekundu ikipanda upande wa pili, mpaka ikaingia nyumbani kwao. Ilikuwa jioni moja tu, lakini nimeishi ndani yake muda mrefu.

Siku ya onyesho ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili. Madirisha ya ukumbi tuliyaziba kwa mashuka mekundu aliyoazima Saning'o, mchana ukawa giza lenye rangi ya damu. Jukwaani tulijenga nyumba ya miti na magunia, na harufu ya vitunguu ikajaa ukumbini, watu wakaguna. Walikuja wote. Walikuja kwa sababu ya mtoto wao au mpwa wao, kwa sababu ya kelele, kwa sababu padri alisema ni igizo. Baba alikaa safu ya katikati na koti lake, mama pembeni yake. Tulipiga kutoka mwanzo bila kusimama. Vijana walioanza kwa kupiga miluzi waliacha kupiga miluzi. Nilipoimba "Mama, lete moto," nikiwa nje ya ile nyumba ya magunia, nikisukuma mlango usiofunguka, nilisikia kiti kikikwaruza sakafu, na mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, inatosha."

Kisha taa yetu moja ikazimwa, na sauti ya baba ikatoka kwenye spika. Paskali alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyeweza kujizuia. Wazee walianza, wanaume wakafuata, wanawake wakaingia, na mvumo ule ukapanda mpaka mabati yakatetemeka. Nilikuwa nyuma ya magunia, natazama kwa tundu. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Watu wa kulia na kushoto kwake waliitikia, mabega yao yakigusana na yake. Yakaitwa mabaya yote, njaa, homa, kifo cha mtoto, na ukumbi ukayaitikia moja baada ya jingine, na nikajua sasa inakuja ile sehemu ya dirisha.

Haikuja. Ulikuja mlango. Ulikuwa mlango wa jiko letu wenyewe, niliutambua kwa bawaba yake. Paskali alikuwa ameurekodi ukifungwa kwa nguvu, na mwangwi wake ukazunguka ukumbi, ukafa. Halafu kimya. Hivyo ndivyo Ile ilivyoisha, gizani, bila kumtoa mtu.

Watu hawakupiga makofi. Waliendelea kuvuma. Walikuwa na jibu mdomoni na hawakuwa na wa kumjibu, nao wakavuma, wakisubiri, dakika ambayo sijui urefu wake, mpaka mmoja mmoja wakaishiwa pumzi. Mtu akavuta shuka dirishani na mwanga ukaingia. Wote walikuwa wamemgeukia baba. Baba akasimama, akachukua kofia yake, akaanza kutoka kwenye safu, na kila alipopita watu walivuta magoti yao pembeni. Si kwa kumpisha. Niliona vizuri kwa tundu langu. Waliyavuta ili asiwaguse.

Nje mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, matone makubwa yanayotoboa vumbi. Paskali alimkimbilia akiwa bado na gitaa shingoni.

"Si ulimaliza, Baba? Kule stoo ulimaliza, tulisikia wote!"

"Kule stoo mlikuwa watoto wanne na vitunguu. Hapa walikuwa watu."

"Nilitaka waone walichotufanyia. Watoke humo na aibu."

"Wameona," alisema baba. "Mimi nilitaka waache."

Saning'o, ambaye alikuwa amesimama kando akilowa, aliuliza kwa upole, "Mzee, kwa nini hukumalizia kwa mdomo wako?"

"Nani angeitikia?" alisema baba. "Hukuyaona magoti yao?"

Aliweka kofia kichwani akaanza kupanda barabara, mama nyuma yake, na magari ya watalii yaliyokuwa yakishuka kutoka getini yaliwarushia tope jekundu. Jioni ile mama alifunika kaa pembeni. Mama Lazaro alipita juu ya njia na kigae chake, akasalimia vizuri kabisa, akaenda nyumba ya tatu.

Albamu yenyewe ilifanikiwa. Naona niseme hivyo, kwa kuwa ni kweli. Tuliiita kwa jina la nyumba ile, nyumba isiyoombwa moto, na redio za Arusha ziliicheza, na watu wenye maneno mazuri wakausifu hasa mwisho wake, ule ujasiri wa kumwacha msikilizaji gizani. Paskali akahamia Arusha, kisha Dar es Salaam. Alimwandikia baba ujumbe wa simu kila sikukuu, na baba alinipa mimi nijibu. Miaka ilipopita na moyo wake kulainika, Paskali alianza kuitafuta ile nusu ya pili, ili aitoe upya ikiwa kamili. Ilikuwa haipo. Mwenye mashine alishaifuta zamani na kurekodia kwaya za watu juu yake. Baba hakuwa tayari kuyasema tena, basi akaniuliza mimi, mwandishi wa familia, kama nakumbuka maneno. Nilikuwepo, nakumbuka ukungu, koti, mama juu ya ndoo, na lile dirisha lililofunguka ndani ya sauti. Lakini maneno sina. Kiiraqw changu cha utotoni kilikuwa cha kutumwa dukani na kuita mbuzi. Hakikufika kule. Baba aliwekwa kaburini kwa kwaya na maji ya baraka, na kati ya waliosimama pale hakuna aliyejua slufay nzima ya kumsindikiza. Paskali alikuwa amebeba spika ndani ya gari. Hakuitoa.

Siku hizi nikienda nyumbani napita Karatu ambayo karibu siijui, yenye taa, mageti ya hoteli, na vijana wanaovaa fulana zenye jina la Ukingo bila kujua kwamba Lazaro ndiye yule mzee wa duka la matairi. Waongoza watalii huicheza albamu ndani ya magari wakipanda kwenda kuiona kreta. Mwaka huu nilikaa kwenye bustani ya hoteli moja nikisubiri mtu, nayo ikaanza kutoka kwenye spika iliyofichwa ndani ya maua. Nilimsikia mtoto akisema lete moto. Nilimsikia baba akiyaita mabaya kwa majina, juu ya vichwa vya watu wanaokunywa juisi, kisha bawaba ya mlango wetu. Mhudumu akaweka kitu kingine, cha kuchangamsha. Mimi nilibaki na pumzi kifuani, nikisubiri, kama tulivyosubiri ukumbini.

Mama sasa anapikia gesi. Mama Lazaro, ambaye macho yamefifia, huletwa na mjukuu wake akivuka korongo, hukaa kwenye kochi letu, hunywa chai kwa kikombe chetu, humshika mama mkono wakicheka mambo ya zamani. Ukiwatazama ungesema hakuna kilichowahi kufungwa. Lakini na yeye ana gesi. Kijiji kizima kina gesi na kiberiti, na hakuna anayemwomba mwenzake moto. Kile kigae, ambacho peke yake kingeweza kutuambia kama tulitolewa au la, hakina kazi tena mkononi mwa mtu yeyote, na mimi siwezi kumwuliza bibi kizee anayekunywa chai swali ambalo hata siku zile hakuna aliyelitamka.

Bado kuna jiko la kuni nyuma, la kuchemshia maharage. Jioni ya mwisho kabla sijarudi Arusha nilimkuta mama ameinama pale, akifunika moto kwa majivu. Alipomaliza akasogeza kaa moja kubwa pembeni, akalifunika peke yake, akajipangusa mikono. Sikumwuliza ni la nani. Asubuhi, kabla ya basi, nilienda kulifukua kwa kijiti. Lilikuwa jivu.